Turubai Bila Msiba

Kifurushi kilikuja kwa basi kutoka Moshi. Nilikwenda kukichukua nikitokea moja kwa moja mwaloni, kule ufukweni inakofikia mitumbwi ya uvuvi, mtoto mgongoni, harufu ya dagaa mwili mzima, hata yule kijana wa ofisi ya mizigo akakisukuma kwenye kaunta kwa ncha za vidole kama anayempa mtu mwenye upele. Sikumjali. Nilikuwa nimechoka tangu alfajiri, na kichwani nilikuwa naona viatu vya mtoto. Baba yake alisema kwenye simu, "Nimekutumia kitu kizuri, utanishukuru." Mtoto ameanza kutembea, hana viatu. Sasa mtu akikwambia amekutumia kitu kizuri, wewe utawaza nini?

Nikafungua palepale nje ya stendi, juu ya tofali. Ndani mlikuwa na kifuko cha kijivu kinachoenea kwenye viganja viwili, na fimbo.

Fimbo. Tena moja. Ya bati jepesi, inaingia ndani yake yenyewe kama antena ya redio, mkono wake una sponji na mkanda wa kuvaa kiganjani. Kwenye kifuko mlikuwa na kitambaa chembamba kinacholia kama mfuko wa rambo, kamba nyembamba, na vijiti vya chuma kama sindano za kushonea magunia. Nilitikisa kila kitu mpaka boksi lenyewe. Viatu hakuna.

Baba wa mtoto ni mpagazi mlima Kilimanjaro. Mtu wa Magu, amekulia kwenye tambarare za pamba na mpunga, mlima mkubwa aliokuwa anaujua ni mawe ya Mwanza, leo anabeba mizigo ya wazungu mpaka kwenye barafu. Alikwenda huko baada ya kiwanda alichokuwa anafanyia vibarua pale Nyakato kupunguza watu. Sina ugomvi na kazi yake. Ugomvi wangu ni kwamba akipanda anapotea, mtandao hakuna, halafu akishuka anakuja na maelekezo.

Maelekezo yalikuwa yameshafika kwenye simu, kwa sauti. "Mke wangu, hilo siyo turubai kama unayoyajua. Ni jepesi kuliko kanga yako. Mzungu analala chini yake, mvua inanyesha, yeye anakunywa chai. Mgeni wetu alipomaliza safari akaniachia. Utamfungia mtoto pale mwaloni alale kivulini. Pembe mbili za nyuma zikite chini, mgongo wa turubai uelekee unakotoka upepo. Fimbo isimame mbele katikati, halafu uvute kamba. Rahisi kabisa. Na fimbo usimpe mtu, hiyo nitaihitaji."

Rahisi kabisa! Mtu ambaye chandarua cha kitanda chetu alikifunga kwa msumari mmoja, kikawa kinatuangukia usoni mpaka anaondoka.

Lakini kivuli nilikuwa nakihitaji kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kazi yangu ni kuanika dagaa. Wavuvi wanavua usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa wanalala, na sisi tunalala njaa pamoja nao. Mitumbwi inaingia asubuhi, wanawake tunanunua kwa ndoo, tunaosha, tunamwaga juu ya nyavu kwenye mchanga na juu ya majabali. Watu wanadhani kuanika ni kumwaga na kuondoka. Unageuza, unafukuza yangeyange na kunguru, unaangalia mawingu yanayotoka ziwani. Ukisinzia kidogo umelisha ndege wa wilaya nzima. Mtoto alikuwa anabaki na binti wa jirani, mpaka shule zikafunguliwa. Tangu hapo nikawa nakwenda naye. Nilikuwa namlaza kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa kuzibwa matundu. Mtumbwi ukapona, ukarudi majini, kivuli kikaenda nao. Nikafunga kanga juu ya ndoo mbili, upepo ukaichukua. Siku moja jua likambabua uso, mashavu yakachubuka.

Kuna mtu alipiga picha. Sijui nani mpaka leo, na siku nikimjua tutajuana. Picha ilifika Magu kabla mimi sijafika nyumbani Igoma. Mama mkwe akapiga simu, hata salamu hakusubiri.

"Mke wa mwanangu, kama kulea kumekushinda sema. Huku kuna maziwa, kuna kivuli, kuna watu. Nikisikia tena mjukuu wangu kalala juani, nakuja kumchukua. Na sitakuomba."

Nikamwambia, "Mama, mtoto bado ananyonya."

"Atanyweshwa. Wewe ulidhani kila mtoto amekuzwa na ziwa la mama yake?"

Akakata. Ng'ombe wao walishafika kwetu zamani, na kwa mila zao na zetu mtoto ni wa kule walikotoka ng'ombe. Ukienda kulalamika utaulizwa: bibi akimlea mjukuu, kosa liko wapi? Nilikaa kitandani nikamwangalia mtoto alivyolala, mashavu yanang'aa mafuta ya nazi niliyompaka, nikaona kweli wanaweza kumchukua. Wala hakuna atakayegombana nao. Nitabaki na maziwa yananivuja kifuani na ndoo za dagaa.

Ndiyo maana Jumamosi moja, mwezi ukiwa mkubwa, nikatoa lile dude nje nijifunze.

Tumepanga vyumba vinavyotazamana, uwanja mmoja, bomba moja. Nikafunga kanga kiunoni, nyingine kichwani, nikakita pembe mbili za nyuma. Ardhi ya Igoma kavu ni kama matofali ya kuchoma. Vile vijiti vya chuma vikapinda, nikavigonga na mchi. Nikaingia chini ya kitambaa, nikavuta fimbo mpaka kimo cha kifua, nikaikaza kwa kuizungusha, nikaipachika ncha kwenye kitundu cha mbele. Nikatoka nivute kamba. Kabla sijaifikia kamba, fimbo ikalala. Nikaisimamisha, ikalala upande mwingine, kama mlevi anayesindikizwa. Mtoto alikuwa amekaa kwenye beseni anacheka. Mara ya kwanza na mimi nilicheka. Baadaye nikawa natukana. Baadaye nikaona machozi yananitoka, siyo ya huzuni, ya hasira tu, nikayaacha yatoke maana mikono ilikuwa na kazi.

Mwisho nikagundua kwamba kamba ndiyo inafungwa kwanza, ilegee, halafu fimbo ndiyo iinuke na kuikaza. Turubai likasimama. Nyuma limegusa chini, mbele limeinuka kama mdomo wa mamba. Dogo, la kijivu, limenyooka vizuri kuliko kitu chochote ndani ya nyumba yangu.

Jirani wa chumba cha pili akatoka na ndoo kwenda bombani. Akaliona. Akaniona na mimi: kanga kiunoni, kanga kichwani, macho mekundu. Akaweka ndoo chini taratibu. Akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na yeye amefunga kanga kiunoni, amebeba mkeka.

Nikadhani amefurahia kivuli. "Karibu jirani," nikamwambia, "ingawa ni kadogo."

Akatandika mkeka, akaketi, akanishika mkono. Nikaona ajabu kidogo, lakini jirani huyu ana mambo yake. Akaja wa chumba cha pembeni na kuni kichwani. Akaja mama wa kule nyuma na sufuria kubwa, lile la shughuli, akaanza kupanga mafiga. Wanaume wawili wakaleta viti vya plastiki wakavipanga karibu na geti, wakaketi wameinamisha vichwa. Mimi nilikuwa bado nahangaika na pembe moja iliyolegea. Mmoja akaja akanichukulia kamba mkononi kwa upole kabisa.

"Acha, shemeji. Hii tutafunga sisi. Wewe kaa."

Miaka yote nimeishi uwanja ule nikibeba maji na mimba, nikibeba maji na mtoto, hakuna mwanaume aliyewahi kunipokea hata kikombe. Nikakaa. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuuliza. Mtu akinipokea mzigo nitauliza sababu baadaye.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyekuja akapiga magoti mbele yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, habari mmezipata lini?"

"Habari zipi, mama?"

"Za baba mtoto. Huko mlimani."

Nikamwangalia. Nikaangalia mikeka, kuni, wanaume, sufuria lililoanza kutoa mvuke. Nikaangalia turubai.

Mnajua wenyewe. Turubai likisimama uwanjani asubuhi, kadi ya harusi haijapita, hakuna anayeuliza. Kumuuliza mtu nani amekufa ni kumtonesha. Unafunga kanga, unakuja na kuni, mengine utayasikia ukiwa umeketi.

"Mama, hakuna aliyekufa," nikasema. "Hili ni la mtoto. La kivuli. Nilikuwa najifunza kulifunga."

"Kulifunga kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya dagaa! Kwa ajili ya mwaloni!"

Jirani wa chumba cha pili akaniachia mkono. "Sasa na kulia kule?"

"Nililia kwa hasira. Lilikuwa linaanguka."

Mmoja wa wanaume akaangua kicheko mpaka kiti kikamkataa. Wengine hawakucheka. Mwenye kuni alisema kuni zake zimeshawaka nusu. Mwenye sufuria akasema chai imeshachemka, hai au mfu tutainywa. Wakati wanakunywa, jirani yangu akanigeukia.

"Lakini umeongea naye lini mara ya mwisho?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole. Alikuwa amepanda siku chache nyuma na simu haikuwa inapatikana. Kwa mara ya kwanza siku ile nikaogopa, nikamkasirikia na huyo jirani kwa kuniogopesha.

"Maana mimi," akaendelea, macho yapo kwenye kikombe, "nilishampigia dada yangu aliye Magu awaambie wakwe zako. Nilijua watataka kuwahi basi."

Mama mkwe alifika mchana. Tulimsikia kabla hatujamwona. Alilia tangu barabarani, kilio cha Kisukuma kinachomtaja mtu kwa ukoo wake wote, na watoto wa mtaa wakawa wanamfuata. Akaingia getini akiegemea mpini wa jembe, maana goti lake moja ni bovu na fimbo ya maana hana. Shuka la maombolezo begani, miguu imejaa vumbi. Nikakimbia kumpokea.

"Shikamoo mama. Yuko salama mama, hakuna msiba."

Hakuitikia. Akalitazama turubai. Akawatazama watu na vikombe vyao.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Mlimani, kazini."

"Umemsikia?"

"Akishuka atapiga."

"Kwa hiyo hujui." Akakaa kwenye kiti cha plastiki, pumzi zinamtoka moja moja. Uso ule sitausahau. Ulikuwa umeshamzika mtoto njiani kote kutoka Magu, sasa haujui umfukue au umwache. Halafu hasira ikaja kumsaidia. "Mtu yu hai, wewe unamfungia turubai. Unamchuria mwanangu?"

"Mama, yeye mwenyewe ndiye aliyelituma."

"Kama angetuma na jeneza ungelala ndani?"

Wale waliobaki wakacheka. Mimi sikucheka. Akalifungua turubai mwenyewe, akang'oa vijiti, akalifinyanga kwa mikono yote miwili mpaka likawa donge, akanitupia. Mtoto alipojikongoja kwenda kwake akampakata, akamshika shavu, akaligeuzageuza kwenye mwanga kuangalia palipochubuka.

"Nitakaa hapa mpaka nisikie sauti ya mwanangu," akasema. "Na giza likirudi, wavuvi wakaingia ziwani, nitakwenda na wewe huko mwaloni nikaone huyu analala wapi. Nikiona jua linampata, basi la Magu linapita hapo barabarani."

Siku zilizofuata sizipendi hata kuzikumbuka. Chumba kimoja. Yeye na mtoto kitandani, mimi chini kwenye mkeka. Usiku mtoto akitaka kunyonya alinipasia, mtoto akimaliza anamrudisha upande wake. Asubuhi alikuwa ananiuliza kama simu imelia. Nikipika anaonja, anaongeza chumvi. Simu ya baba mtoto ilikuwa ileile, haipatikani, na kila nikipiga mbele yake nilikuwa najikuta nimegeukia ukuta.

Mwezi ukapungua, wavuvi wakaingia ziwani. Tukashuka mwaloni sote watatu alfajiri, mimi na mtoto mgongoni na ndoo kichwani, yeye nyuma na mpini wake, akilaani kila jiwe.

Wanawake wenzangu wakamwamkia vizuri, "Mwangaluka mayu," akawaitikia vizuri, akaketi juu ya jiwe kama hakimu. Nikanunua dagaa wangu, nikaosha, nikaanika. Jua lilipoanza kuuma nikatoa turubai. Mchanga wa pale haushiki vijiti, unavitema. Nikajaza mchanga kwenye viroba, nikafunga kamba kwenye viroba, nikavifukia. Upepo ulikuwa unatoka juu, kwenye majabali, kwenda ziwani. Mgongo uelekee unakotoka upepo, alisema. Nikaelekeza. Kamba kwanza, halafu fimbo. Likasimama mara moja.

Wavuvi waliokuwa wanakunja nyavu hawakuniacha.

"Shemeji, leo tumepata watalii!"

"Muulize kiingilio bei gani!"

"Na yule mzungu mzee pale juu ya jiwe ametoka nchi gani?"

Mama mkwe akawajibu kwa Kisukuma kitu ambacho sitakiandika hapa. Wakanyamaza, mmoja akasema samahani mayu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku zote zile tuwe na adui mmoja.

Akainama kwa shida akaingia chini ya turubai na mtoto. Akainua mkono akaligusa kwa ndani, akaangalia jua linavyopita. Akampakata mtoto. Mtoto akalala. Mimi nikarudi kugeuza dagaa, nikawa natazama huku na kule, ndege, mawingu, turubai, ndege.

Sasa jambo hili kila mwanika dagaa analijua, mtoto wa darasa la pili analijua: asubuhi upepo unatoka nchi kavu, jua likipanda unageuka, unatoka ziwani. Mimi mwenyewe naanika kwa kufuata hilo. Lakini kichwa changu siku ile kilikuwa kinasikiliza sauti ya mtu aliye juu ya mlima, ambako upepo una mambo mengine. Mdomo wa turubai nilikuwa nimeufungulia ziwa.

Uligeuka mchana, na haukuja peke yake. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mvua, mweusi, unatembea juu ya maji. Mwalo mzima ukalipuka, wanawake wanakimbia, "Kusanyeni! Kusanyeni!" Upepo ukaingia mdomoni mwa turubai likavimba, kiroba kimoja kikang'oka. Fimbo ilikuwa imeingia mchanga kwenye maungio yake. Pale nilipoikaza ikaachia, ikajimeza yenyewe mpaka ikawa fupi kama mwiko. Turubai lote likawaangukia. Chini ya kitambaa nikamsikia mtoto anaanza kulia na bibi yake anamtaja Mungu.

Dagaa wangu wote walikuwa nje. Nikasimama katikati, hatua chache huku dagaa, hatua chache kule mtoto, na nikaona wazi kwamba nitapoteza vyote viwili, na kwamba bibi atakuwa shahidi.

Nikakimbilia turubai. Nikainua pembe, nikamkuta ameukumbatia mpini wake na mtoto kifuani.

"Nipe huo mpini!"

"Unasemaje?"

"Mama, lete mpini!"

Sikuusubiri. Niliunyakua kutoka mkononi mwa mama mkwe wangu, mtu wa kumpigia magoti, nikaunyakua kama nampokonya mtoto kisu. Nikang'oa viroba vya nyuma, nikavuta turubai zima nikaligeuza, mgongo ziwani, nikaviwekea jiwe mojamoja juu. Mpini wa jembe haukunjiki wala hauingii popote. Nikaukita chini, nikautia kitundu cha mbele kichwani mwake, kamba ya mbele nikaifunga kwenye jabali lenyewe.

"Shika hapa!" nikamwambia. "Kwa mikono miwili. Ukiachia tumekwisha."

Nikaondoka. Nilikusanya dagaa kwa mikono, kwa beseni, kwa kanga niliyoivua kichwani, mvua ikinichapa mgongoni. Wa kwenye jabali niliwaokoa karibu wote. Wa mchangani sehemu ililowa, hao nikajua watakwenda kwa wafuga kuku. Nilipomaliza kuwafunika sikuwa na nguvu ya kukimbia tena. Nilitembea kwenye ile mvua kurudi, polepole, nikiwaza maneno atakayoniambia na maneno nitakayomjibu, na nilikuwa nayo mengi, ya tangu mwaka nilioolewa.

Nikachungulia. Alikuwa amekaa miguu imenyooka, mpini kati ya magoti, mikono yote miwili imeushika. Mtoto alikuwa pajani pake. Amelala. Matone yalikuwa yanapiga kitambaa juu ya vichwa vyao kwa kelele kubwa, na ndani mchanga ulikuwa mkavu.

Maneno yangu yote yakapotea. Nikakaa nje pembeni, nusu ndani nusu mvuani.

Akanitazama nilivyolowa. "Kila siku ni hivi?"

"Siku nyingine hakuna mvua. Kuna jua tu na ndege."

"Na mtu wa kushika?"

"Mtu gani, mama?"

Akaukaza mkono kwenye mpini. Mvua ilipopungua akasema, "Sogea ndani, utamnyonyesha homa." Nikasogea. Tulikaa pale tumebanana, tunanuka dagaa wote watatu, mpaka mvua ikaisha.

Alipotaka kuondoka ndipo ikaonekana kwamba mpini umeshika nyumba. Akiuchukua, turubai linalala, na mimi nilikuwa na dagaa wa kuanika upya. Nikaichukua ile fimbo, nikaisuuza ziwani, nikaifuta mchanga kwa ncha ya kanga, nikaivuta kwa kimo chake na kuikaza huku nimeuma meno. Nikampa. Akaukagua mkono wa sponji. Akauvaa ule mkanda kiganjani kama saa. Akapanda mawe hadi juu, hatua kwa hatua, bila kulaani hata moja.

Jioni ile simu ikalia. Ameshuka. Nikampa mama yake kabla hata sijasema haloo. Aliikaza sikioni kwa mikono miwili, akawa anasikiliza tu, midomo inamcheza, mwisho akauliza, "Umekula?" Akaitikia, "Haya." Akanirudishia, akageukia ukuta, na nikamwacha ageukie.

Baba wa mtoto alikuwa mchangamfu. "Mbona mama yuko hapo? Vipi, turubai limekufaa? Si nilikwambia?"

"Limefaa."

"Na fimbo? Umeitunza? Wiki ijayo nataka unirudishie kwa basi."

Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka, mgongo unauma kama umevunjwa na kuungwa vibaya. Ningeweza kumweleza yote, kilio, chai, mpini. Sikuwa na nguvu hiyo.

"Tuma viatu vya mtoto," nikasema, nikakata.

Asubuhi nilimsindikiza mama mkwe kituoni. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, na njia nzima nilikuwa nasubiri aseme, mpe hapa. Basi la Magu likasimama. Akaupandisha mguu mbovu kwanza, fimbo ikafuata, akajivuta. Konda akamwambia, "Bibi, fimbo ya kisasa hiyo!" naye mama mkwe akamwambia afunge mdomo wake amtafutie siti. Akatoa kichwa dirishani.

"Lile dude usilifunge tena nyumbani. Mwaloni sawa."

"Sawa mama."

"Na mpini wangu usiuache juani utapasuka."

Basi likaondoka. Nilibaki nimesimama pale barabarani mpaka mtoto akanivuta nywele, akitaka tuondoke. Mitumbwi ilikuwa imeshaingia. Nikashuka.